Kiti cha Dereva

Mtu akitaka kutengeneza lori dogo la plastiki kwa mikono yake, Rungwa si mahali pabaya pa kuanzia. Nta ipo, kwa sababu miombo inayotuzunguka imejaa mizinga, na warina asali wakishakamua hawajali sana kinachobaki. Jasi inapatikana Itigi, ile ile inayopakiwa kwenda viwanda vya saruji. Plastiki hata haitafutwi: madumu ya mafuta ya kula yaliyopasuka, ndoo zilizokatika mpini, vizibo. Na malori ya kutazama na kupima hayaishi. Tuko njia panda hapa. Barabara moja inakwenda Itigi kwenye Reli ya Kati, nyingine Ipole na Sikonge hadi Tabora, ya tatu inashika Makongolosi na Chunya kuelekea Mbeya. Mimi naziba pancha hapo hapo. Lori likisimama kwa ajili ya tairi, dereva hujilaza kivulini chini ya tela, utingo hutafuta chai, nami napata nafasi ya kupima shoo, bampa, madigadi na ngazi ya kabini kwa futi.

Wenzangu wanauona utoto. Kweli, sote tulianza utotoni: waya, kopo, matairi ya ndala zilizokatwa duara. Wengine waliacha walipoota ndevu. Mimi sikuacha, nilichobadilisha ni vifaa tu. Leo natengeneza kwa kipimo cha moja kwa ishirini, yaani kila mita ya barabarani kwangu ni sentimita 5. Nitaieleza kazi yenyewe kwanza, kwa sababu swali linalonisumbua limetoka humo humo kwenye kazi, halikutoka msikitini.

Naanza na nta. Nachonga kipande, tuseme shoo ya Scania, kwa kisu kilichopashwa moto. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, lakini inalegea mapema zaidi ya hapo, kwa hiyo mchana wa Oktoba lazima ukae kivulini, la sivyo milia ya shoo inalala yenyewe. Jasi nayo naiponda, naichoma kwenye karai. Ikifika nyuzi 150 hivi inapoteza robo tatu ya maji yaliyofungika ndani yake, inakuwa unga wa plasta. Ukiurudishia maji unaganda tena kwa dakika chache, na unapoganda unapata joto mkononi, jambo ambalo mpaka leo linanifurahisha bila sababu. Namwaga nusu ya kalibu, nazamisha nta mpaka katikati, ikishaganda napaka sabuni ya mche iliyoyeyushwa ili nusu ya pili isishikane na ya kwanza, halafu namalizia. Baadaye naifungua na kutoa nta. Kinachobaki ni uwazi wenye umbo. Huo nauanika juani siku kadhaa, maana plasta yenye unyevu ikikutana na plastiki ya moto hutoa mvuke, na mvuke hutoboa kazi.

Plastiki ndiyo yenye ubishi. Tazama chini ya dumu utaona pembetatu yenye namba. Namba 2 ni madumu, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi. Namba 5 ni ndoo nyingi, nazo hutaka 160 au zaidi. Namba 3, ile ya mabomba, siiweki motoni kabisa, kwa sababu moshi wake una tindikali inayochoma mapafu. Hata namba 2 naiyeyushia nje, upepo ukiwa unatoka kwangu. Haimiminiki. Inakaa sufuriani kama ugali unaokaribia kuiva, kwa hiyo naichota kwa mwiko wa chuma, najaza nusu ya kalibu, nafunika kwa nusu nyingine na kubana kwa jeki chini ya boriti ya banda. Kisha nangoja. Mwenye haraka hukuta shoo iliyojikunja.

Ikipoa, inasinyaa. Plastiki ya dumu hupoteza kati ya asilimia 2 na 4 ya urefu wake. Kabini ya Scania, ambayo kwa kipimo changu ni sentimita 12 na nusu kwa upana, inaweza kutoka pungufu kwa milimita 3, 4, 5. Ndiyo maana nta naichonga kubwa kuliko ninachotaka. Hakuna kilichotoka kalibuni kikawa sawa na kalibu.

Jirani yangu, mwinjilisti wa Moravian, alilipenda hilo la kusinyaa mpaka akalipeleka mimbarini: mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, lakini akipoa anasinyaa. Nilimwambia, "Mwinjilisti, mfano huo utakuletea matatizo. Ukisema hivyo umemfanya Mungu kalibu, na kalibu zangu hupasuka." Alicheka, ila sidhani kama aliufuta kwenye daftari lake.

Swali lenyewe lililetwa na mtoto. Alichungulia dirisha la kabini, akaona usukani, gia, kioo cha pembeni, hata mashimo ya spika mlangoni, akaniuliza, "Babu, hili linaendeshwa na nani?" Nikamjibu kwamba dereva amekwenda kunywa chai. Alikubali kwa siku ile, lakini mimi sikukubali. Kwa nini sikuwa nimemweka dereva? Mikono yangu ilikuwa imelikwepa jambo hilo miaka yote bila kichwa kuulizwa.

Sisi Waislamu wa huku tulilelewa katika madhehebu ya Shafii, na hata yule aliyesoma juzuu chache tu anajua kuna onyo zito juu ya wanaotengeneza sanamu za viumbe vyenye roho. Siku ya Kiyama wataambiwa wavitie uhai walivyoviumba, na hawataweza. Katika majina mazuri ya Mwenyezi Mungu limo la Mwenye kutia sura, na hilo si jina la kuchezewa na mtu mwenye kisu na nta. Ustadhi wetu wa madrasa, ambaye kwa umri ni mdogo wangu na kwa elimu ni mkubwa wangu, alinikumbusha habari ya Ibn Abbas. Alijiwa na mtu aliyesema riziki yake yote ni ya mikono, anatengeneza picha. Ibn Abbas alimsomea onyo alilolisikia kwa Mtume, yule mtu akabadilika rangi. Ndipo akamwambia kwamba kama hana budi, basi achore miti na kila kisicho na roho.

Fundi mwenzangu wa karne ya kwanza ya Hijra, nilijiambia. Kwa hukumu hiyo lori langu ni halali kabisa. Lori halina roho, hata kama madereva wa barabara hii huzungumza nalo wanapopanda mlima.

Lakini onyo lile lina kitu ambacho fundi wa magari anakielewa kwa haraka kuliko msomi. Linaweka mtihani: umetengeneza, haya, litie uhai. Kwa lugha ya gereji, liwashe. Kuna watu waliokubali mtihani huo mbele ya macho ya nchi nzima. Miaka ya 1980, pale Kibaha, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya jeshi kilitengeneza lori la Tanzania na kuliita Nyumbu. Kenya, Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 waunde gari hata kama halitapendeza wala kukimbia, na mwaka 1990 yakatolewa hadharani magari ya Nyayo Pioneer. Waganda nao, pale Makerere, walitoa Kiira, gari la umeme, mwaka 2011. Unaweza kuyasema vibaya magari hayo kwa kuwa hayakujaa barabarani, na wengi wanayasema. Mimi nayaheshimu kwa sababu moja: waliotengeneza walikaa kitini, wakageuza ufunguo mbele za watu. Mimi lori langu halina ufunguo. Nimeukimbia mtihani kabla haujaitishwa, na kwa sababu nimeukimbia, sidai kitu. Asiyedai hakudanganya.

Je, sanamu ya dereva nayo haiwezi kuwa hivyo? Kidereva cha plastiki cha sentimita nane kinadai nini?

Hapo ustadhi alinifungulia mlango mwingine. Bibi Aisha alikuwa na watoto wa bandia wa kuchezea, na Mtume hakuwakataza. Kuna siku aliona miongoni mwao farasi mwenye mabawa, akauliza farasi gani huyo. Aisha akamrudishia kwamba je, hakusikia kuwa Suleimani alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Napenda kila kitu katika habari hiyo, na zaidi jinsi alivyojibiwa. Wanazuoni wengi wamejenga juu yake ruhusa: vinyago vya watoto vinavumiliwa.

Kwa nini vinavumiliwa? Nimeisikia sababu ya malezi, kwamba binti anajifunza kulea. Yangu ni nyingine, na sijaikuta kitabuni, kwa hiyo ichukuliwe kama maneno ya mziba pancha. Mtoto akishika gari au mtoto wa bandia, uhai anautoa yeye. Mngurumo unatoka midomoni mwake, breki ni za meno yake, abiria wanashuka anapotaka washuke. Jioni anakitupa kitu chini ya kitanda na hakuna aliyekufa. Kinyago hakimalizwi na fundi. Kinatoka mkononi mwa fundi kikiwa nusu, na hakisemi vinginevyo.

Ubaya ni kwamba sababu hiyo inanigeukia mimi. Malori yangu yaliyo mazuri hayachezewi. Yako kwenye kabati lenye kioo, na wajukuu wamekatazwa. Nayapiga msasa mpaka mshono wa kalibu upotee, natia rangi, natafuta mpaka kutu ya kweli pale kutu inapoanzia, chini ya mlango. Nataka mtu akitazama asahau kwamba ni dumu. Ruhusa ile alipewa mtoto. Mimi nimevuka hamsini. Nikimweka dereva ndani ya lori la kabatini siwezi kujificha nyuma ya sketi ya Aisha na farasi wake.

Mwinjilisti, nilipomweleza haya, aliona nahangaika bure. Kwao, alisema, Musa alipewa amri ya kukataza sanamu, na katika kitabu hicho hicho cha Kutoka Mungu akamjaza Bezaleli roho yake kwa kazi ya kuchonga, kufua na kunakshi, tena juu ya sanduku la agano wakawekwa makerubi wa dhahabu. Kwa hiyo mkono haukukatazwa. Nilimkumbusha seremala wa Isaya, yule anayekata mti mmoja, nusu anaotea moto na kupikia, nusu anaifanya mungu na kuiangukia. Niliisoma habari hiyo kwenye Biblia yake mwenyewe siku ya mvua, nikacheka peke yangu, kwa sababu nalifahamu dumu ambalo nusu yake ni bampa na nusu yake bado tunachotea maji. Seremala yule haonywi kwa kuchonga. Anachekwa kwa kusahau ile nusu nyingine iko wapi.

Hilo la kusahau lilinipeleka kwa Plato, ambaye nilimsikia kwanza kwa mwalimu mmoja wa sekondari aliyekwama hapa na basi lake usiku kucha. Katika Jamhuri, kitabu cha 10, Plato anataja vitanda vitatu: kile cha asili ambacho Mungu ndiye aliyekiumba, kile anachotengeneza seremala akikitazama hicho cha kwanza, na kile cha mchoraji anayetazama cha seremala. Mchoraji yuko mbali na ukweli kuliko wote. Mwalimu alinitazama akasema, "Basi wewe fundi ni wa tatu." Nilinyamaza usiku ule kwa adabu ya mwenyeji. Leo ningemjibu kwamba Plato hakuwahi kuona kiwanda. Scania ina makao yake Södertälje, Sweden, na zamani malori yake mengine yaliunganishwa hapa hapa kwetu, Kibaha. Dashibodi ya lori la kweli imetoka wapi? Kalibuni. Plastiki imeyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa, ikasinyaa, na mhandisi aliyeichora aliuongeza ukubwa wa kalibu kwa hesabu ile ile ninayoifanya mimi kwa nta. Dashibodi za lori moja na la pili hazina kaka wala mdogo. Hakuna kitanda cha seremala hapo cha kuiga. Kalibu yao na kalibu yangu tofauti yake ni fedha.

Nikaendelea kuvihesabu vitu vya ndani ya kabini. Usukani umetoka kalibuni. Kitasa, kalibuni. Taa, kifuniko cha gia, hata sponji ya kiti ilimwagwa ikiwa uji ikaumukia ndani ya kalibu. Kitu kimoja tu kilichomo humo hakikutoka kalibuni, nacho ndicho kinacholalamika njaa. Sura ya Aal Imran inasema Mungu huwatia watu sura matumboni mwa mama zao apendavyo, na yeyote aliyewahi kuona mapacha wa kufanana wakiwa na mama yao anajua kwamba mama hababaiki. Huko hakuna kalibu. Mimi nikitengeneza dereva nitatengeneza kalibu ya dereva, na kwenye kalibu moja nitatoa madereva ishirini, mmoja kwa kila lori, wote na pua ile ile. Nilipofika hapo nilihisi nimepata jibu langu mwenyewe, si la kukopa: kiti kibaki wazi kwa sababu ndicho mahali pekee ndani ya lori ambapo kalibu inasema uongo.

Niliridhika na jibu hilo kwa muda mzuri tu. Kisha akaja kijana wa Makongolosi.

Baba yake aliendesha Fuso kwenye barabara hii, enzi za vumbi na mbung'o, mpaka maradhi yalipomtoa usukanini na baadaye duniani. Nilimfahamu marehemu, nimemzibia tairi nyingi. Kijana alikuwa na picha moja iliyofifia. Akasema, "Mzee, nataka Fuso la baba, na baba ndani."

Nikamweleza habari ya kalibu, kwa kirefu, nikiwa na raha ya mtu anayeijua hoja yake. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Halafu akasema, "Basi usitumie kalibu, mzee. Mchonge mara moja, yeye peke yake, iwe basi."

Hoja yangu yote ilikuwa juu ya ishirini wanaofanana. Yeye alitaka mmoja asiyefanana na mtu. Kilichobaki mkononi mwangu ni kile nilichorithi, nami nikakitoa jinsi kilivyo: nikamtajia Wadd, Suwaa, Yaghutha, Yauka na Nasra waliomo katika Sura ya Nuhu. Ibn Abbas amepokewa akisema hao walikuwa watu wema waliokufa, jamaa zao wakasimamisha sanamu ili wawakumbuke, hawakuwaabudu, lakini kizazi kilichokuja nyuma bila elimu kikawaabudu. Walioanza hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na msiba.

Yeye ni Mkatoliki. Aliniambia kwao ukutani wana picha za watakatifu na hakuna anayeziabudu, wanaomba tu wakiwa mbele yake. Sikutaka kubishana na mfiwa. Nikampa pendekezo: nitatengeneza vitu vyote vya baba yake. Taulo la kujifutia vumbi, lililotundikwa nyuma ya kiti. Chupa ya chai. Rozari kwenye kioo cha kati. Akakubali, akaongeza ndala, zote mbili, ya kushoto ikiwa imeunganishwa kwa waya, maana baba hakuendesha akiwa na viatu. Kile kijindala kilinitesa kuliko injini. Waya niliutoa kwenye kebo ya simu.

Alilichukua lori, akashukuru, akalipa. Baada ya muda akarudi nalo, na pamoja nalo mfuko wa kitambaa. Alikuwa amepita kwa mchonga vinyago, na ndani ya mfuko alikuwamo mzee wa mpingo, amekaa, mikono mbele. Mchongaji alikuwa ameukuza uso kama wachongaji wengi wanavyopenda, na kichwa kikawa kinagota kwenye paa. Kijana alitaka nilikate paa, niliinue kidogo.

Nilimtazama mzee wa mpingo kwa uangalifu, nikitafuta mtu niliyemzibia tairi. Sikumwona. Masharubu si yake, masikio si yake.

"Ni yeye huyu?" nikauliza.

"Ni yeye."

Nikachukua msumeno. Paa ni kazi yangu, nimelitoa kalibuni mimi mwenyewe, na kulikata na kuliinua kwa milimita sita ni halali bila ubishi. Sikumtoza. Mzee wa mpingo alimwingiza mwenyewe, mimi nikiwa nimegeukia upande wa barabara.

Ustadhi nimemuuliza kama aliyekata paa ana sehemu katika sanamu iliyokaa chini yake. Alitaka kwanza kujua kama niliigusa, nikamwambia hapana. Akataka kujua kama ina macho, nikamwambia inayo, makubwa. Amesema suala hilo halimo katika vitabu alivyo navyo Rungwa, na kwamba akienda Tabora atawauliza masheikh zake.